Tanzania: Kani na msuguano vyafundishwa kwa rula, tofali na beseni la maji

Anayefuatilia taarifa za habari kwa Kiswahili huyasikia maneno mvutano na msuguano karibu kila siku: mvutano baina ya vyama, msuguano wa mpakani, mvutano wa mishahara. Kwa mtoto wa shule ya msingi nchini Tanzania maneno hayo ni ya somo la sayansi. Mvutano ndio unaoliangusha embe chini ya mti. Msuguano ndio unaolisimamisha tofali linaloburutwa sakafuni. Na juu ya maneno hayo mawili lipo la tatu, kani, ambalo vitabu vya shule hulieleza kuwa ni msukumo au mvuto unaoweza kukiondoa kitu mahali kilipo, kukisimamisha, kukibadilishia mwelekeo au kukibadili umbo.

Maelezo hayo ni mafupi, na mtoto mwenye kumbukumbu nzuri huyakariri kwa dakika tano. Tatizo ni kwamba anaweza kuyakariri bila makosa na bado akaamini kuwa jiwe kubwa huanguka upesi kuliko jiwe dogo, au kwamba chombo cha majini huelea kwa sababu ni cha mbao. Imani za namna hiyo hazitokani na uzembe. Zinatokana na macho ya mtoto mwenyewe na mambo aliyoyaona tangu utotoni, kwa hiyo hazifutwi na sentensi iliyoandikwa ubaoni. Huanza kutikisika pale tu mtoto anapotabiri jambo, akalifanya kwa mikono yake, akaona limetokea kinyume cha alivyotabiri.

Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma za Tanzania Bara tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na sayansi husomwa kama somo kuanzia darasa la tatu. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, unasisitiza umahiri, yaani mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kukitenda na si kwa anachokumbuka peke yake. Vitabu vya kiada huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, TET. Zanzibar ina mamlaka yake ya elimu na mitaala yake, na huko mambo ni tofauti kidogo. Yanayofuata ni majaribio yanayoweza kufanywa katika darasa lisilo na maabara, pamoja na sababu zinazoyafanya yafaulu au yashindwe.

Rula na vizibo vya soda

Jaribio la wenzo huhitaji rula ya sentimita 30, penseli moja na vizibo vya soda, ambavyo watoto huviokota wenyewe. Rula hulazwa juu ya penseli, na alama ya 15 hukaa juu ya penseli barabara. Hapo penseli ndiyo egemeo. Rula ya mbao hufaa zaidi kuliko ile ya plastiki nyepesi inayopinda, na kidonge kidogo cha udongo huizuia penseli isibiringike.

Mwalimu huweka vizibo vinne, kimoja juu ya kingine, umbali wa sentimita 5 kutoka kwenye egemeo. Upande huo hushuka. Kisha huuliza: ni vizibo vingapi vitahitajika upande wa pili ili rula isawazike? Watoto wengi hujibu vinne, kwa sababu mizani ya dukani imewafundisha kwamba pande mbili husawazika zikiwa na uzito sawa. Mwalimu huwapa viwili tu. Wanaviweka sentimita 5 kutoka kwenye egemeo, rula haisogei. Wanavisukuma mbele kidogo kidogo, na vinapofika sentimita 10 upande ulioshuka huanza kuinuka.

Sehemu yenye thamani kubwa zaidi katika somo hili ni ile kimya inayofuata. Mtoto ameona viwili vikibeba vinne, na anatafuta sababu. Mwalimu mwenye subira hamwambii kanuni bado. Humwachia ajaribu vizibo vitatu dhidi ya sita, kimoja dhidi ya viwili, na kuandika umbali katika daftari. Baada ya vipimo vinne au vitano kuna mtoto atakayegundua kwamba idadi ya vizibo ikizidishwa kwa umbali kutoka kwenye egemeo hutoa jibu moja pande zote mbili: nne mara tano ni ishirini, mbili mara kumi ni ishirini. Hapo swali hugeuzwa kuwa la kutabiri. Ikiwa vizibo viwili vimekaa sentimita 6 kutoka kwenye egemeo, kizibo kimoja kikae wapi? Mtoto anayejibu sentimita 12 kabla ya kukigusa kizibo ameshaielewa kanuni ya wenzo, hata kama hajaisikia ikitajwa kwa jina.

Kwa darasa lisilo na hata rula kuna mlango. Mtoto husukuma mlango kwa kidole kimoja mahali pa kitasa, nao hufunguka. Kisha husukuma kwa kidole hichohicho karibu na bawaba. Mlango ni uleule na kidole ni kilekile, lakini sasa unakataa. Akisukuma katikati ya bawaba na kitasa atahitaji kani takriban mara mbili ya ile ya kwanza. Jaribio hili halina gharama yoyote na huchukua muda mfupi kuliko kufuta ubao, lakini ni nadra kulikuta katika madaftari ya wanafunzi.

Madaftarini kunakutwa zaidi orodha ya nyenzo za daraja la kwanza, la pili na la tatu. Orodha hiyo ina maana kwa mtoto aliyezishika nyenzo zenyewe. Mkasi una egemeo katikati ya jitihada na mzigo. Toroli la mafundi ujenzi lina egemeo mbele, kwenye gurudumu, mzigo ukiwa katikati na jitihada kwenye mikono. Koleo la kushikia makaa lina egemeo nyuma na mzigo mbele, vidole vikibana katikati, na kwa sababu hiyo linahitaji nguvu kubwa kuliko mzigo wenyewe. Faida yake ni kuuweka mkono mbali na moto. Asiyewahi kushika koleo atakariri tu kwamba ni la daraja la tatu, na wiki mbili baadaye atalichanganya na toroli.

Tofali linaloshika kani

Katika matumizi ya kila siku neno kani lina maana nyingine ya zamani: ukaidi, ubishi wa mtu asiyetaka kushindwa. Anayeng'ang'ania jambo husemwa ameshika kani. Waliolichagua neno hilo kwa ajili ya fizikia hawakulitupa mbali na chanzo chake, na jaribio la msuguano linaonyesha hivyo waziwazi.

Hutafutwa tofali la kuchoma, kamba, na utepe wa mpira uliokatwa katika mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Kamba hufungwa kwenye tofali, utepe hufungwa kwenye kamba, na mtoto huvuta utepe taratibu huku mwenzake akipima kwa rula umerefuka kiasi gani. Mpira hurefuka, tofali halisogei. Unarefuka zaidi, bado tofali limeshika kani. Kisha ghafla linaachia, linaanza kuteleza, na utepe unafupika kidogo ingawa tofali linaendelea kwenda. Watoto huliona jambo hili mara ya kwanza kabisa, hata kabla hawajaulizwa: kulianzisha tofali ni kazi ngumu kuliko kuliendeleza. Mafundi wanaosukuma mikokoteni mjini wanalijua hilo kwa migongo yao.

Baada ya hapo huja swali linalowagawa watoto makundi mawili. Tofali limelala kwa upande wake mpana. Likigeuzwa likae kwa upande mwembamba, msuguano utapungua, utaongezeka au utabaki vilevile? Karibu darasa zima husema utapungua, kwa kuwa sehemu inayogusa sakafu imepungua. Baadhi ya watu wazima watasema hivyohivyo. Mtoto anavuta, mwenzake anapima, na urefu wa utepe unatoka karibu sawa na ule wa kwanza. Wanarudia, wakidhani wamekosea. Unatoka sawa tena.

Sababu ni kwamba uzito wa tofali haujabadilika. Upande mwembamba una eneo dogo, lakini kila sehemu ya eneo hilo inakandamizwa zaidi, na mambo hayo mawili hufidiana. Mfaransa Guillaume Amontons aliiwasilisha kanuni hiyo mwaka 1699, na Leonardo da Vinci alikuwa ameiandika katika madaftari yake karibu miaka 200 kabla yake. Mtoto hahitaji kuyajua majina hayo ili aamini, maana ameshaona kwa macho yake. Kanuni yenyewe ina mipaka: kwenye mchanga tofali lililosimama kwa upande mwembamba huzama na kulima mtaro, na hapo mambo hubadilika. Mwalimu anayeruhusu jaribio hilo la pili huwa amewapa watoto somo jingine, kwamba kanuni hutaja mahali inapofanya kazi.

Kinachobadilisha msuguano ni aina ya nyuso zinazogusana na uzito unaozikandamiza. Likiongezwa tofali la pili juu ya la kwanza, utepe hurefuka sana. Mafuta ya kula yakimwagwa kidogo juu ya kipande cha bati, tofali huteleza kwa urahisi. Na tofali likiwekwa juu ya vipande vya mianzi au penseli za mviringo, utepe hauhitaji kurefuka hata nusu ya ilivyokuwa, kwa kuwa sasa kuna kubiringika badala ya kuteleza. Huko Goma, Kivu ya Kaskazini, chukudu za mbao zinazobeba magunia ya makaa na viazi zimejengwa juu ya elimu hiyohiyo: magurudumu ya mbao hubiringika, na ukanda wa mpira wa tairi uliopigiliwa kuyazunguka huyafanya yashike barabara badala ya kuteleza. Hapo mtoto hukutana na jambo linalomkanganya kidogo, kwamba katika chombo kimoja fundi anaupunguza msuguano sehemu moja na kuuongeza sehemu nyingine.

Kuanguka

Jaribio la kuanguka ni fupi. Mtoto husimama juu ya dawati na kudondosha jiwe kubwa na jiwe dogo kwa wakati mmoja, wenzake wakisikiliza mshindo badala ya kutazama, kwa sababu sikio hutenganisha sauti mbili vizuri kuliko jicho linavyotenganisha vitu viwili vinavyoanguka. Husikika mshindo mmoja. Mbishi hatakosekana, naye atatoa karatasi na kuidondosha pamoja na jiwe, na karatasi itachelewa. Ana haki ya kufanya hivyo, na jibu lake ni jaribio jingine: karatasi ileile ifinyangwe iwe kama mpira. Uzito haujabadilika, lakini sasa inaanguka karibu sawa na jiwe. Au karatasi ndogo ilazwe juu ya kitabu kikubwa kuliko yenyewe na vyote viachiwe pamoja, nayo itafika chini ikiwa juu ya kitabu. Kilichokuwa kikiichelewesha ni hewa. Agosti 2, 1971, mwanaanga wa Marekani David Scott wa chombo cha Apollo 15 alidondosha nyundo na unyoya mwezini, mahali pasipo hewa, na vyote vikafika chini pamoja mbele ya kamera ya televisheni.

Beseni la maji, na ziwa

Katika mikoa ya Kagera, Mwanza, Mara na Kigoma, kuelea na kuzama si habari ya kitabuni. Watoto huvuka maji kwenda shule, kliniki na sokoni.

Jaribio la kwanza ni la udongo wa mfinyanzi, au karatasi ya bati laini inayofungiwa vyakula. Kidonge cha udongo hutupwa majini na kuzama. Udongo uleule hutolewa, hufinyangwa uwe na umbo la mtumbwi, hurudishwa majini, nao huelea. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa ila umbo. Mtumbwi umeyasukuma kando maji mengi zaidi kuliko kidonge, na maji hukisukuma juu kitu kwa kani iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa kando. Kwa njia hiyo mtoto hujibiwa swali la meli ya chuma, ambalo huwasumbua watoto wengi kuliko walimu wanavyodhani. Yai nalo huzama katika maji ya kawaida na hupanda juu maji yanapokolezwa chumvi ya kutosha, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito zaidi kwa ujazo uleule.

Jaribio la pili hufanywa mara chache, ingawa ndilo la lazima zaidi kwa watoto wa kando ya ziwa. Mtumbwi wa udongo au wa bati hupakiwa vizibo, kimoja kimoja, na watoto huhesabu. Kwanza hupangwa chini, katikati. Mtumbwi hushuka sawasawa, na mdomo wake unapokaribia usawa wa maji, kizibo kimoja cha mwisho huuzamisha wote kwa mara moja. Kisha hesabu huanza upya, safari hii vizibo vikirundikwa upande mmoja, au kupangwa kama mnara. Mtumbwi hupinduka ukiwa na vizibo vichache kuliko vile ulivyovibeba salama mwanzoni. Watoto wanaona mambo mawili: kuna kikomo cha mzigo, na hata kabla ya kikomo hicho, mahali mzigo ulipokaa panaweza kukiangamiza chombo.

Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba, na mamia ya watu walipoteza maisha. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na waliokufa walizidi 200. Katika mikasa yote miwili, kubeba watu na mizigo kupita uwezo kulitajwa miongoni mwa sababu. Hakuna mtoto anayeweza kumzuia nahodha. Lakini aliyeuona mtumbwi wa udongo ukipinduka mbele yake anajua kwa nini abiria huambiwa wasikimbilie upande mmoja, na kwa nini magunia hayapaswi kukaa juu ya paa la chombo.

Wazo lenye historia

Kufundisha sayansi kwa vitu vya kuokota hakukuanza na mitaala ya sasa. Mwaka 1956 shirika la UNESCO lilichapisha kitabu cha majaribio kwa walimu, kilichokua kutokana na kijitabu cha mwaka 1948 kilichoandikwa kwa ajili ya nchi ambazo shule zake ziliharibiwa na Vita Kuu ya Pili. Makopo, mishumaa, nyuzi na chupa vilichukua nafasi ya vifaa vya maabara. Katika miaka ya 1960 nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, zilishiriki mpango wa sayansi kwa shule za msingi ulioandaliwa na wataalamu wa Afrika na Marekani, ambao watoto walichunguza wadudu, udongo, maji na mizani walizojitengenezea.

Mtaalamu wa elimu Eleanor Duckworth, aliyepata kuwa mwanafunzi wa Jean Piaget, alipewa kazi ya kutathmini mpango huo nchini Kenya. Hakuwapa watoto mtihani wa maswali. Aliwaingiza katika chumba chenye vitu vya kila aina, wakaruhusiwa kufanya walichotaka, na watazamaji wakaandika kila mtoto alifanya nini. Waliopitia mpango ule walibuni mambo mengi zaidi, na yaliyoungana vizuri zaidi, kuliko wenzao ambao hawakuupitia. Kipimo hicho bado ni kizuri kuliko vingi vilivyokuja baadaye, na pengine ndiyo sababu hakipendwi na wasimamizi wa mitihani: hakina jibu moja la kutia alama.

Tanzania yenyewe ina mfano wa mwanafunzi aliyeamini macho yake. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu Magamba, wilayani Lushoto, aliuweka mchanganyiko wa maziwa wa kutengenezea aiskrimu katika jokofu ukiwa bado moto, na ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo mhadhiri wa fizikia Denis Osborne aliyekuwa ametembelea shule, na wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne alikwenda kulijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala, na jambo lile hadi leo huitwa kwa jina la Mpemba. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu sababu yake, na wapo wanaotilia shaka kama hutokea kila mara. Hilo halimpunguzii kitu kijana aliyeuliza.

Vikwazo

Katika shule za umma za Tanzania darasa lenye watoto 80 au zaidi si jambo geni, na kuondolewa kwa ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016 kuliongeza uandikishaji kabla vyumba na walimu havijaongezeka kwa kiwango hicho. Jaribio la rula na vizibo kwa watoto 80 linahitaji rula 16 hata kama kila kundi lina watoto watano, na linahitaji mwalimu anayeweza kuvumilia kelele. Walimu wengi huamua kufanya jaribio wenyewe mezani, watoto wa nyuma wakisimama juu ya madawati. Hilo ni bora kuliko kutofanya kabisa, lakini mwenye kuona si sawa na mwenye kuvuta utepe.

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua jibu sahihi. Mwanafunzi anaulizwa lipi kati ya haya ni wenzo wa daraja la pili. Haulizwi kizibo kikae wapi. Mwalimu anayepimwa kwa ufaulu wa darasa lake ataona ni busara kutumia kipindi hicho kwa mazoezi ya mitihani iliyopita, na ni vigumu kumlaumu.

Kikwazo cha tatu ni lugha. Istilahi za sayansi kwa Kiswahili zipo na zimeandaliwa kwa uangalifu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na kani, wenzo, egemeo na kanieneo ni maneno yenye maana isiyoyumba. Lakini mtoto akiingia kidato cha kwanza lugha ya kufundishia hugeuka Kiingereza, na kila neno alilolijua hubadilishwa jina. Aliyekariri hupoteza vyote kwa siku moja. Aliyevuta tofali ana kitu cha kukibandikia jina jipya.

Kwa familia zinazozungumza Kiswahili nchini Rwanda hali ni kama ya kinyume. Kiswahili ni lugha rasmi tangu mwaka 2017, nacho kina mizizi ya muda mrefu katika mitaa ya Nyamirambo na Biryogo jijini Kigali, lakini sayansi shuleni hufundishwa kwa Kiingereza, uamuzi ambao mwishoni mwa mwaka 2019 ulitangazwa kuanzia darasa la kwanza. Mtoto hurudi nyumbani na istilahi za Kiingereza ambazo mama au babu hawezi kumsaidia nazo. Majaribio yaliyoelezwa hapa hayana lugha ya lazima. Mlango una bawaba Kigali kama Bukoba, na mzazi anayesema sukuma hapa, sasa sukuma hapa, umeona tofauti gani, tayari anafundisha sayansi ileile iliyomo katika daftari la Kiingereza.

Anayetaka kupima, si kuona tu, anaweza kutengeneza mizani ya kani kwa kuning'iniza utepe wa mpira kwenye msumari wa ukutani na kubandika karatasi nyuma yake. Kani hupimwa kwa nyutoni, na maji hurahisisha kazi: mililita 100 za maji zina tungamo ya gramu 100, ambazo uzito wake ni karibu nyutoni moja. Mfuko mwepesi wa plastiki hufungwa chini ya utepe, maji huongezwa mililita 100 kwa kila hatua, na mahali utepe unapofika hutiwa alama kwenye karatasi. Chupa ya nusu lita iliyojaa itafikisha karibu nyutoni 5. Alama hazitaachana kwa umbali uliolingana, kwa sababu mpira haurefuki kwa kiasi kilekile kila mzigo unapoongezeka, na mtoto aachwe aligundue hilo mwenyewe. Mpira pia huchoka. Alama za wiki iliyopita zipimwe upya kwa maji kabla ya kulifunga tofali.